Twiga wa Mti, Farasi wa Shaba: Nani Anastahili Jina?

Utangulizi

Katika masomo yetu tunafundishwa kuzigawa sanaa katika mafungu: sanaa za ghibu, za maonyesho na za ufundi. Tukishamaliza kuzigawa, fungu hili la mwisho tunalisahau hapo hapo. Mhakiki wa Kiswahili anaweza kuandika kurasa ishirini juu ya ubeti mmoja, lakini mwonyeshe faru wa mpingo: atasema "kizuri hiki", kisha ataulizia bei. Makala haya yanakusudia kumwuliza mhakiki huyo swali moja. Kwa nini mchongaji wa wanyama wa shaba ana jina, ana historia ya maisha na ana "kazi zake", na mchongaji wa wanyama wa mti hana?

Jibu linalotolewa upesi ni kwamba yule wa shaba ni msanii, kila kazi yake ni ya pekee. Huyu wa mti ni fundi tu, anarudia kitu kile kile asubuhi hadi jioni. Nitajaribu kuonyesha kwamba jibu hilo limesimama kichwa chini, miguu juu. Ili tusizungumze hewani, nitachukua maisha ya kazi ya watu wawili wa Afrika Mashariki waliochagua mnyama kuwa somo lao: Mutisya Munge wa Wamunyu, na Robert Glen aliyezaliwa Kenya mwaka 1940. Kisha nitawapeleka wote wawili Lalago, maana mimi ni wa huko, na huko mnyama si pambo la mezani.

Mutisya Munge na mti

Wakamba walikuwa mafundi wa mti hata kabla ya wageni. Viti vyao vya miguu mitatu, vilivyonakshiwa kwa waya uliogongomewa ndani ya mti, vinajulikana na kusifiwa. Hicho kilikuwa chombo cha nyumbani: mzee alikikalia. Hakikuwa kimechongwa kwa ajili ya mpita njia.

Vita vya Kwanza vya Dunia (1914-1918) ndivyo vilivyobadili mambo. Mutisya Munge, fundi wa Wamunyu, Machakos, alifika huku kwetu pamoja na majeshi ya Waingereza, wakati nchi hii ingali koloni la Wajerumani. Upande wa Dar es Salaam akakutana na wachongaji wa Kizaramo (wengine husema walikuwa Wamakonde), akaona namna walivyochonga mti mgumu na namna Wazungu walivyonunua. Aliporudi kwao akaanza kuchonga sanamu za kuuza. Kwanza alifundisha watu wa nyumba yake, baadaye kijiji kizima kikashika tezo. Kwa hiyo yule twiga tunayemwita "wa Kikamba" ana mjomba Mzaramo! Hili peke yake lingetosha kutuonya tusigawe sanaa kwa makabila kama watu wanaogawa mashamba.

Kutoka kwa mtu mmoja likazaliwa jeshi. Makadirio ya miaka ya 1990 yalitaja wachongaji wapatao 60,000 nchini Kenya. Wakaunda vyama vya ushirika, kikiwemo kile kikubwa cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza mwaka 1963. Hebu fikiria, msomaji: ni mwandishi gani wa riwaya katika Afrika Mashariki aliyeacha wafuasi 60,000? Ni shule gani ya ushairi?

Lakini sasa tazama jinsi alivyoandikwa. Walter Elkan alipotoa makala mwaka 1958 kuhusu biashara ya vinyago Afrika Mashariki, aliandika kama mchumi, na hilo ni haki yake, maana alikuwa mchumi. Alieleza nani ananunua, nani anauza, faida inapatikana wapi. Kosa si lake. Kosa ni la sisi wahakiki ambao hatukufika kabisa. Ndiyo maana jina la Mutisya limebaki kuwa jina la mwanzilishi wa biashara. Halijawa jina la msanii. Tunajua alianzisha nini. Hatujiulizi alimtazamaje mnyama.

Robert Glen na shaba

Robert Glen naye ni mtoto wa Kenya, ila wa upande mwingine wa mji, kama tunavyosema. Kijana huyo alikwenda Marekani kujifunza ufundi wa kuhifadhi wanyama waliokufa: kuchuna ngozi, kuikausha, kuijaza na kumsimamisha mnyama kama yu hai. Shule hiyo si ndogo. Anayechuna mnyama anajua msuli wa bega unapita wapi na mfupa wa nyonga unaishia wapi. Baadaye akaacha ngozi, akashika udongo na shaba, na kwa miaka mingi aliishi katika Hifadhi ya Ruaha, hapa hapa Tanzania, akiwatazama wanyama kila siku.

Kazi iliyomtangaza, hata hivyo, haina mnyama hata mmoja wa Kiafrika. Ni kundi la farasi tisa wa mwituni wanaovuka maji mbio, huko Las Colinas, katika mji wa Irving, Texas. Aliagizwa mwaka 1976, farasi wakasubiwa Uingereza, na uwanja ukafunguliwa mwaka 1984. Kila farasi ni mkubwa mara moja na nusu kuliko farasi wa kweli. Chini ya kwato kumetegwa mabomba yanayorusha maji, ili mtazamaji aone kama maji yanapigwa na miguu yenyewe.

Nikiri kwamba ni kazi kubwa. Farasi hao hawajapangwa mstari kama askari wa gwaride. Wametawanyika, mmoja yuko mbele, mwingine ndiyo kwanza anateremka kwenye maji, na hivyo wakati unapita ndani ya sanamu. Hii ndiyo mbinu tunayoiita usimulizi. Sanamu moja ya farasi mmoja ni picha; farasi tisa katika hatua tisa za kuvuka mto ni hadithi. Mhakiki wa fasihi akisimama pale ana la kusema.

Lakini tuulize: nani alimwagiza? Mwekezaji wa ardhi aliyekuwa anajenga mji mpya, akataka alama ya historia ya Texas. Mteja alisema anataka farasi, msanii akatoa farasi. Mtalii anasema anataka twiga, Mkamba anatoa twiga. La kwanza tunaliita kwa heshima "kazi ya kuagizwa". La pili tunaliita "vitu vya watalii". Jamani, tofauti iko wapi? Iko kwenye urefu wa mfuko wa mteja.

Fani: nani hasa anayerudia?

Sasa tuingie kwenye fani, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo.

Shaba ya sanamu ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na bati. Msanii hafinyangi shaba. Hufinyanga udongo au nta. Juu ya umbo hilo hutengenezwa kalibu. Ndani ya kalibu hupatikana umbo jingine la nta, ambalo hufunikwa kwa tope maalumu linalokauka na kuwa gumu. Likitiwa motoni, nta huyeyuka na kutoka, nafasi ikabaki tupu, na kwenye nafasi hiyo humiminwa shaba iliyoyeyuka kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Ikipoa, ganda huvunjwa, kisha mafundi hukata, huunga, husugua na kuipa rangi. Wengi wa mafundi hao wako kiwandani na majina yao hayaonekani popote.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kalibu ile ya kwanza ipo bado. Kwa hiyo sanamu ndogo za shaba hutolewa nakala sita, kumi, hata ishirini, na chini ya kila moja huandikwa namba: ya tatu kati ya kumi na mbili, kwa mfano. Zote ni mnyama yule yule, msuli ule ule, mkunjo ule ule wa ngozi. Na zote huitwa "asili".

Njoo sasa kwenye mti. Mti hauna kalibu. Mchongaji anaanza na gogo, na kila gogo lina tabia yake: hili lina fundo, hili lina ufa, hili limepinda. Anaondoa kwa tezo, halafu kwa kisu na tupa, mwisho msasa. Alichokiondoa hakirudi. Mfinyanzi wa udongo akikosea sikio hubandika jingine. Mchonga mpingo akikosea sikio, basi tembo huyo atakuwa mdogo zaidi au hatakuwepo. Mpingo una kiini cheusi na sehemu ya nje yenye rangi hafifu ya manjano. Fundi anayejua kazi hulizungusha gogo mkononi kabla ya kuligusa, ili weupe ule uangukie kwenye pembe ya faru au pembe za tembo. Huo si uamuzi wa fundi anayenakili. Ni uamuzi wa msanii anayesoma mti kama mshairi anavyosoma mizani.

Kwa hiyo, kwa maana halisi ya neno, hakuna twiga wawili wa mti walio sawa. Na kuna faru wa shaba kumi na wawili walio sawa kabisa. Bado tunaambiwa huyu wa shaba ni wa pekee na yule wa mti ni bidhaa ya jumla. Anayerudia kwa mashine ya kalibu anaitwa mbunifu. Anayeanza upya kila asubuhi kwa mkono anaitwa mrudiaji. Ajabu iliyoje!

Naona wenzangu watanipinga: "Aa, lakini twiga ni yule yule, shingo ndefu, miguu minne, amesimama." Ni kweli. Lakini sisi wanafunzi wa fasihi simulizi ndio wa mwisho kustahili kutoa hoja hiyo. Ngano ya Sungura na Fisi ni ile ile kwa bibi yangu na kwa bibi yako. Hatusemi bibi hana sanaa kwa kuwa kisa si kipya. Tunauliza: amesimuliaje? Amekaa kimya wapi? Sauti ya fisi ameitoaje? Marudio katika fasihi simulizi ni uwanja ambao ustadi huonekana. Kwa nini tuwe na jicho hilo kwa bibi, tulikose kwa mchongaji?

Nenda Mwenge, kwenye vinyago, si mbali na Mlimani. Weka twiga kumi wa wachongaji mbalimbali pamoja. Utaona watatu ambao shingo imenyooka kama bomba, kwani mchongaji alikuwa na haraka. Utaona wengine waliopakwa kiwi ya viatu ili mti mweupe uonekane mpingo. Huo ni udanganyifu na tuuseme hivyo. Lakini ukitulia utaona mmoja ambaye shingo yake inaanza kupinda kuanzia mabegani, kichwa kimeinama kidogo, kama aliyesikia jambo. Mchongaji huyo alifuata mpindo wa tawi badala ya kupigana nalo. Huyo mmoja ana haki ya kuhakikiwa, na huwezi kumhakiki bila kuuliza ni wa nani.

Maudhui: wanyama wasio na majirani

Wasanii hawa wawili, wa mti na wa shaba, wana upungufu mmoja unaofanana. Wanyama wao wanaishi peke yao. Hakuna mtu. Hakuna shamba. Hakuna zizi.

Mtu wa Lalago akitazama sanamu hizo anaona jambo ambalo mtalii halioni. Lalago iko Wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo tulikuwa Shinyanga. Ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe. Ukifuata barabara ya Mwanhuzi kwenda mashariki unaelekea upande wa Pori la Akiba la Maswa, na ng'ambo yake ni Serengeti. Kwetu tembo ana maana ya mahindi yaliyolala chini usiku mmoja. Fisi ana maana ya mbuzi asiyeonekana asubuhi. Hifadhi zenyewe zina historia ya watu ndani yake: Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamasai waliokuwa ndani wakahamishiwa Ngorongoro. Mipaka ya Pori la Maswa nayo imebadilishwa zaidi ya mara moja, na kila ikisogea, kuna mtu anayehesabu ng'ombe wake upya.

Hayo hayamo kwenye mti wala kwenye shaba. Twiga wa mezani anatoka katika pori lisilo na binadamu, pori ambalo mnunuzi anapenda kuliamini. Je, fisi wa mti umewahi kumwona? Ni nadra sana. Fisi, ambaye katika ngano zetu ana ulafi, ana ujinga, ana siasa kabisa, hauziki. Soko linachagua wanyama wenye sura nzuri na kuwaondolea tabia. Hapa ndipo ningemlaumu mchongaji kwa haki, kama ninavyomlaumu mwandishi wa riwaya pendwa anayeandika mapenzi bila njaa.

Lakini lawama hiyo haiwezi kumfikia mtu asiye na jina. Nani atamwambia "wewe, safari hii umepotoka, kazi yako ya zamani ilikuwa na uzito zaidi"? Heshima na lawama zote mbili zinahitaji anwani.

Je, kutokuwa na jina ni jadi yetu?

Wapo wanaosema: "Waafrika hawatii saini. Sanaa yao ni ya jamii nzima." Maneno haya yanasikika vizuri darasani. Usukumani hayasimami.

Vyama vikubwa viwili vya ngoma za Kisukuma, Bagika na Bagalu, vinakumbuka chanzo chake kwa majina ya manju wawili waliokuwa washindani, Ngika na Gumha. Zaidi ya karne moja imepita na mashabiki wa pande zote mbili bado wanashindana baada ya mavuno. Manju wa Kisukuma hujitaja ndani ya wimbo wake mwenyewe, mara nyingi na jina la baba na kijiji juu yake, ili asitokee mtu wa kumwibia. Hiyo ni saini, tena inayoimbwa! Na katika mashindano hayo sanamu za mti nazo zimekuwa zikitumika kuvuta watazamaji upande mmoja wa uwanja, maana mshindi ni mwenye umati mkubwa.

Humo humo kwenye ngoma ndimo mnyama na mtu wanapokaa pamoja. Bayeye hucheza na nyoka hai na wana dawa ya sumu yake. Banunguli walianza kama wawindaji wa nungunungu, mharibifu wa mazao, waliomfuata hadi ndani ya shimo, na ngoma yao imetoka kwenye uwindaji huo. Katika sanaa hii nungunungu ana jirani, jirani huyo ni mkulima, na mkulima huyo ana jina. Kumbe basi, kukosa jina si asili yetu. Ni kitu kilicholetwa na duka.

Ushahidi mwingine uko kwa Wamakonde. Samaki Likankoa anatajwa kwa jina kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa shetani katika miaka ya 1950. George Lilanga (1934-2005), aliyepitia Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, alijulikana hadi Ulaya na Marekani. Hao nao walianza na mti, mti ule ule. Walipata jina kwa sababu mtu aliuliza, akaandika na kuonyesha kazi zao kama kazi za fulani. Mti haukuwazuia. Kinachomzuia mchongaji wa wanyama ni imani yetu kwamba twiga hana mtunzi.

Huko kwenye ushirika wa Mombasa, kwa kawaida kila sanamu hutiwa chini yake namba ya mwanachama, ili mauzo yakifanyika hela imfikie mwenyewe. Ni utaratibu wa haki na simlaumu aliyeubuni. Ila tuulinganishe na ile namba ya shaba. Chini ya faru wa shaba, namba inakwambia ni nakala ya ngapi, na saini inakwambia ni ya nani. Chini ya twiga wa mti, namba ndiyo mtu mwenyewe.

Hitimisho

Sijasema kwamba mti ni bora kuliko shaba. Glen alistahili sifa alizopata, na mtu anayeishi porini miaka mingi akitazama mnyama anatufundisha uvumilivu wa kutazama. Wala sijasema kila twiga wa barabarani ni kazi bora. Wengi ni wabovu, kama mashairi mengi yanayotumwa magazetini yalivyo mabovu. Ninachosema ni kwamba ubovu na ubora haujulikani mpaka mtu ahakiki, na uhakiki hauanzi mpaka ijulikane tunamzungumzia nani.

Kwa hiyo kazi ni yetu. Mwanafunzi wa fasihi anayetafuta mada ya tasnifu, badala ya kurudia kwa mara ya hamsini nafasi ya mwanamke katika riwaya ile ile, achukue daftari aende Mwenge au Wamunyu. Amchague mchongaji mmoja, atazame kazi zake za miaka kumi, aulize ni lini shingo ilianza kupinda na kwa nini. Aulize pia kwa nini hajachonga fisi. Wachongaji nao waandike majina yao, hata kwa kisu, chini ya kwato. Na kichwa cha tasnifu hiyo kisiwe "Vinyago vya Kikamba". Kiwe jina la mtu, na jina la kijiji chake.